Asiyefuata Mpira

Nimefanya kazi misimu mitatu katika mashindano ya tenisi ya wachezaji wa kulipwa, Doha, na sijawahi kuona mpira ukipigwa. Watu nikiwaambia hivyo hudhani natania. Nimesimama hatua chache tu kutoka kwenye mstari wa uwanja ambao matajiri walipanda ndege kuja kuutazama. Nimesikia wachezaji wakihema, nimesikia viatu vyao vikilia sakafuni, na siku moja jasho la mtu mashuhuri liliniangukia shingoni. Lakini ukiniuliza mtu huyo alikuwa amevaa soksi za rangi gani, sina jibu. Mlinzi wa uwanjani huwapa wachezaji mgongo. Kazi yake ni kutazama watu.

Msimamizi wetu alikuwa Mnepali aliyewahi kuwa mwanajeshi, mfupi, mkavu, mwenye sauti ndogo ambayo hakuna aliyethubutu kumwambia airudie. Siku ya kwanza alitupanga mstari, akatufundisha kazi yote kwa muda ambao chai haijapoa. Alisema mpira ukienda kushoto, vichwa vyote jukwaani vitakwenda kushoto. Ukienda kulia, vitakwenda kulia. Anayefuata mpira hana neno na mtu, mwacheni. Mtafuteni asiyefuata mpira, kwa sababu huyo ana lake jambo. Ukimwona, bonyeza redio, taja safu na kiti, wenye kazi hiyo watakuja kumsalimia. Na mlinzi atakayegeuka kuangalia mchezo, hata mara moja, kesho yake atakuwa analinda ghala la mbolea Umm Salal, ambako watazamaji ni mbuzi.

Nilikula kiapo moyoni kwamba sitageuka. Si kwa uaminifu, nisijisifu bure. Niliwahi kulinda ghala na nilijua harufu yake.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane. Nililala Najma, chumba cha watu sita, kitanda cha juu, na chini yangu alilala Mganda mmoja wa Mbale aliyekoroma kwa lugha ya kwao. Naye alikuwa mlinzi, na pale uwanjani alipangiwa pembe nyingine ya upande ule ule wangu. Nilikuwa pia na mchumba. Alikuwa muuguzi, Mkenya mwenzangu, akiishi na wauguzi wengine kwenye ghorofa moja Fereej Bin Mahmoud. Tulijuana kanisani siku ya Ijumaa, maana Doha hata Mungu tulimtembelea Ijumaa, Jumapili watu wako kazini. Tulikuwa tumeshakubaliana kuoana. Kilichobaki ni baba yake.

Baba yake alikuwa karani mstaafu wa kiwanda cha chai upande wa Kericho. Kwa miaka mingi alicheza tenisi kwenye uwanja wa shamba lile, mpaka magoti yakakataa. Baadaye uwanja wenyewe ukageuzwa kitalu cha miche ya chai, jambo ambalo alilieleza kwa sauti ambayo wengine huitumia kueleza msiba. Runinga yake haikuonyesha tenisi. Redio ilimtajia washindi, na gazeti, ambalo lilipanda kutoka mjini adhuhuri, lilimpa matokeo kwa maandishi madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa. Binti yake alipomwambia amepata mtu huko Doha, mzee aliuliza mtu huyo anafanya kazi gani. Akaambiwa ni mlinzi. Mzee akasema atafikiria. Mkenya yeyote anajua kwamba mzee akisema atafikiria, amekwisha kufikiria, na hakuona kitu.

Alifikiria kuanzia Agosti hadi Januari. Ndipo kampuni yetu ilipopata kazi ya mashindano, na mchumba wangu, kwa nia njema kabisa, akampigia baba yake simu na kumwambia yule mtu sasa ako kwa tenisi, ndani kabisa, karibu na mstari. Mzee akataka kuongea nami siku hiyo hiyo.

Nilimpigia nikiwa nimekaa ngazini nje ya chumba chetu, nimekwangua kadi ya simu kwa ufunguo wa kabati. Hata salamu hakuimaliza.

"Uko uwanjani kweli?"

"Niko, mzee."

"Na unaona?"

Hapo ndipo palikuwa na mlango wa kutokea, na ulikuwa wazi. Ningesema hapana, mzee, sisi hutazama watu, na mambo yangeishia hapo kwa heshima. Lakini nilisikia kitu katika lile swali. Mtu mzima, mwenye mvi na kiwanda kizima nyuma yake, alikuwa ananiuliza kama mtu mwenye njaa anayeuliza kama chakula kimeiva. Macho hayana pazia, nikajiambia, na mimi hapo uwanjani naona mambo mengi. Hakuniuliza ni mambo gani.

"Naona, mzee."

Akashusha pumzi. Akasema matokeo atayapata gazetini, yeye anataka kujua vile wamecheza: nani alipiga, akiwa wapi, mpira ukaanguka wapi. Nimpigie kila asubuhi saa nne kabla sijaenda kazini. Saa ya Doha na ya Kericho ni moja, kwa hivyo hata kisingizio cha kuchanganya saa sikuwa nacho.

Jioni hiyo mchumba wangu akanieleza lililobaki, kwa furaha, bila kujua ananitia kitanzi. Baba yake alikuwa amesema mtu anayeweza kusimulia mchezo vizuri ana kichwa kilichopangika. Angenisikiliza wiki nzima, Jumatatu hadi fainali ya Jumamosi, kisha angetoa jibu. Mezani alikuwa amechora uwanja kwa chaki. Maharagwe mawili meupe yalikuwa wachezaji, na moja jeusi lilikuwa mpira. Kila nitakalosema angelipanga pale mezani.

Kwa hivyo ndoa yangu ilikuwa imewekwa juu ya meza ya mtu, mikononi mwa harage jeusi nisiloliona.

Basi nikajikaza kisabuni. Mtu akisimama kwa muda wa saa sita akitazama nyuso, hujifunza mengi. Vichwa vikienda polepole, mpira ni mrefu na wachezaji wanapimana nguvu. Vikienda haraka, kuna mtu amekuja karibu na wavu. Shingo zikinyooka zote kwenda juu, mtu amerusha mpira angani, na hapo kina mama hufumba mdomo kwa mkono. Kulikuwa na sauti pia. Mpira uliopigwa sawasawa husema neno moja lililo wazi, uliokosewa hukohoa, na uliogusa wavu huufanya umati wote useme "aaa" kama watoto waliomwagikiwa maziwa. Mwamuzi naye alitaja alama kwa sauti, kwa hivyo matokeo nilikuwa nayo, tena sahihi. Nilichokosa ni mchezo wenyewe. Huo niliutia mwenyewe, kama mpishi aliyeletewa chumvi tu akaambiwa apike pilau.

Na nilipika. Jumanne asubuhi nilimsimulia mzee mechi nzima, na sauti yangu ilikuwa imetulia kama ya mtangazaji. Wachezaji wa kila mechi niliwaita Mrefu na Mfupi, ingawa urefu wao niliukadiria kwa viatu nilivyovisikia. Mrefu akaanzisha kutoka kulia. Mfupi akarudisha. Mrefu akaanzisha tena kutoka kulia, Mfupi akakosa. Mrefu akaanzisha tena kutoka kulia.

"Tena kulia?" mzee akauliza.

"Kulia, mzee. Ndiko anakopenda."

Nilisikia harage likigonga meza. Kisha akasema, "Endelea." Sikujua wakati huo kwamba katika tenisi anayeanzisha hubadili upande kila pointi. Anayependa kulia na anayechukia kulia, wote sheria ni moja. Nilikuwa nimempa mzee mchezaji asiyeweza kuwepo, naye akampokea bila neno.

Jumanne hiyo hiyo jioni, katikati ya seti ya pili, jambo likatokea nyuma yangu. Umati ulishtuka, kisha ukacheka, kisha ukapiga makofi, na watu wakanyoosha vidole kuelekea miguuni mwangu. Shingo yangu ilitaka kugeuka peke yake. Niliikaza mpaka ikauma, nikifikiria mbolea. Kicheko kikaisha na mchezo ukaendelea. Nilimtupia Mganda jicho kule pembeni kwake, naye uso wake haukuniambia lolote, ingawa mabega yalikuwa yakimtikisika.

Asubuhi nikamwambia mzee kwamba Mrefu aliteleza, akaanguka chali, raketi ikamponyoka ikaenda hadi miguuni mwangu. Watu wakashtuka, kisha akainuka na kuinamisha kichwa kwa adabu, wakacheka na kumpigia makofi. Niliona imekaa vizuri. Nilimwongezea hata vumbi kwenye kaptula.

"Aliumia?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Alijipangusa tu."

"Mungu ni mwema," akasema.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimelala kabla ya Mganda kurudi. Nilipomaliza simu ile nikamkuta akipiga pasi sare yake, nikamwuliza kilichotokea uwanjani ni nini. Akasema paka. Paka wa kijivu aliingia, akapita katikati ya uwanja bila haraka, akaketi nyuma yangu, akajilamba mguu, kisha akaenda zake. Na yeye alijuaje, ikiwa naye alikuwa amewapa wachezaji mgongo? Akasema aligeuka. Kwa Kiswahili chake cha kubeba kama mayai akanieleza, "Mimi niligeuka kidogo tu, ndugu yangu. Paka si mchezo."

Nikajifariji kwamba gazeti la Kenya haliwezi kuandika habari za paka wa Doha. Kwa kweli sikuyajua magazeti.

Ilipofika Alhamisi uongo ulikuwa umenielemea. Si kwamba mzee alilalamika. Kinyume chake, alikuwa mpole kuliko siku ya kwanza, na upole wake ndio ulionitia hofu. Aliniuliza habari za chakula chetu, kama baridi ya Januari inaingia vyumbani, kama nalala vizuri. Mwishoni akasema kwamba siku zilizobaki nisijisumbue na mechi nzima. Anataka kitu kimoja tu. Jumamosi, katika fainali, nitazame pointi ya mwisho kwa makini, nimweleze hiyo peke yake, ilivyo.

Nilikaa ngazini nikishika simu iliyokwisha kukatika. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika kwenye ukuta. Niliogopa, nisifiche. Sikuogopa kuaibika, nilikuwa nimeshazoea. Niliogopa kumpoteza yule dada kwa sababu ya kitu cha kipumbavu kiasi hicho.

Ijumaa baada ya ibada nikamwambia yote. Tulikuwa tumeketi kwenye kafteria ndogo karibu na kwao Bin Mahmoud, mahali pa wazi ambapo kila mtu anaweza kukuona, kama ilivyotakiwa, na karak mbili mezani, ile chai ya maziwa na iliki ambayo Doha nzima huendeshwa kwayo kama gari kwa petroli. Nilimwambia sijaona hata mpira mmoja. Nilimwambia habari za kulia, kulia, kulia. Nilipofika kwenye paka, alicheka hadi karak ikamwagika, Mhindi mwenye kafteria akaja na kitambaa naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kisha akaniangalia kwa jicho la kazini, lile la kumtazama mgonjwa anayedai amemeza dawa zote.

"Na ungenioa ukiwa na hiyo story tumboni?"

Nikasema sijui. Ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo.

Alifikiri kidogo, kisha akafanya kama wafanyavyo wauguzi. Aliacha kulaumu akaanza kutibu. Jamaa wa mgonjwa mmoja alikuwa ameiachia wodi yao tiketi za fainali kama shukrani, na wenzake hawakutaka kwenda. Angekuja yeye. Angekaa upande wangu na kutazama kila pointi, hasa ya mwisho, kisha angenieleza. Kila siku aliwaeleza wauguzi wa zamu nyingine kilichompata kila mgonjwa, saa ngapi, mkono upi, kipimo gani. Pointi moja ya tenisi ingemshinda nini? Halafu mimi ningempigia baba yake na kumweleza ukweli mtupu, walau siku moja, ingawa kwa macho ya kuazima.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Jumamosi jioni jukwaa lilijaa. Mchumba wangu alikaa safu ya tano, mbele yangu kabisa, amevaa sweta ya manjano, na kijitabu cha wodini mapajani. Hatukusalimiana. Nilisimama mikono nyuma, miguu imepanuliwa, nikatazama watu kama nilivyofunzwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilikuwa na uso mmoja nilioutaka uniambie kitu.

Haukuniambia chochote. Hilo sikuwa nimelitegemea. Wengine wote walikuwa kitabu kilichofunguliwa. Yule mwenye kanzu nyeupe alikuwa akiuma kidole, mama wa Kizungu akimkandamiza mumewe goti, na watoto wakibishana. Yeye alifuata mpira kushoto na kulia, mdomo umefungwa, akiandika kidogo, uso mtulivu kama anahesabu mapigo ya moyo. Mpira mzuri, mpira mbaya, uso ni huo huo. Nikajiambia ndivyo atakavyokuwa hata nyumbani, siku nitakayochelewa kurudi sitajua kama amekasirika au anapika.

Mrefu alichukua seti ya kwanza, sita kwa nne. Mfupi akachukua ya pili, sita kwa tatu. Ya tatu wakaenda bega kwa bega hadi tano kwa tano, kisha Mfupi akamvunja Mrefu aliyekuwa anaanzisha, sita kwa tano, na sasa alikuwa anaanzisha yeye ili amalize. Mwamuzi akataja alama. Hata mimi, mgeni wa mchezo, nilijua hiyo ni pointi inayoweza kuwa ya mwisho. Umati wote ukanyamaza. Nilisikia mpira ukidundishwa sakafuni nyuma yangu, mara moja, mara mbili, mara tatu.

Nilisikia ukipigwa. Vichwa vikaenda kushoto. Ukarudishwa, vikaenda kulia. Kushoto, kulia. Maelfu ya watu kwa shingo moja. Na macho yangu, ambayo kwa wiki nzima yalikuwa yakitafuta kitu kimoja tu, yakakipata. Safu ya tano, mbele yangu, palikuwa na uso mmoja usiofuata mpira.

Ulikuwa unanitazama mimi.

Ule utulivu wa wodini haukuwepo tena. Kijitabu kilikuwa kimefungwa. Alikuwa akinitazama kama mtu aliyesahau kilichomleta, macho yamelowa kidogo, na mpira ukaenda kushoto, ukaenda kulia, naye hakutikisika. Baadaye alinieleza kwamba aliinua macho tu kuangalia kama nimechoka. Aliniona nimesimama pale, dunia nzima inaangalia kitu kilicho nyuma yangu, na mimi shingo imekaza, sigeuki. Akasema alinionea huruma, halafu haikuwa huruma.

Kanuni ilikuwa wazi. Asiyefuata mpira ana lake jambo. Nilipaswa kubonyeza redio na kutaja safu ya tano, kiti cha katikati, sweta ya manjano. Mkono wangu ulikuwa juu ya redio. Sikubonyeza. Hilo ndilo kosa pekee la kazi nililofanya Doha, na sijalijutia hata siku moja.

Kisha jukwaa likalipuka. Watu wote wakasimama, makofi, mayowe, mtu akarusha kofia. Mechi ilikuwa imekwisha, Mfupi ameshinda, saba kwa tano. Nikaona uso wa mchumba wangu ukizinduka. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akatazama uwanjani, na nikaona mkono wake ukienda kichwani polepole kama mtu aliyeacha mlango wazi na yuko safarini tayari.

Tulipokutana getini alisema neno moja tu.

"Usiniulize."

Jumapili saa nne asubuhi tulikuwa kafteria ile ile, wote wawili tuna mapumziko, karak zinapoa. Kijitabu kilikuwa wazi mezani. Alikuwa ameandika pointi zote za mechi, kwa mwandiko safi wa wodini, kasoro moja. Alinishauri tuibuni, akasema kwa siri kwamba angalau sasa anajua upande wa kuanzishia. Nilivutwa. Kisha nikamkumbuka mzee akiniuliza kama baridi inaingia vyumbani, na nikapiga simu na kuiweka kwenye spika.

"Haya, kijana," mzee akasema. Nilisikia maharagwe yakiwekwa mezani. "Ya mwisho ilikuwaje?"

"Mzee, sikuona. Sijaona hata mpira mmoja tangu Jumatatu. Kazi yangu ni kuwapa mgongo."

Nilimweleza yote, bila kupamba. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia jogoo wa Kericho akiwika.

"Nilishuku Jumanne," akasema hatimaye. "Hakuna mtu anaanzisha mara tatu upande mmoja. Jumatano nikaona picha ya paka kwa gazeti. Paka amekaa, na nyuma yake kuna miguu ya askari. Nikauliza mama, hii si ile raketi?"

Mchumba wangu akafunika mdomo. Mimi nilitamani sakafu ya kafteria ifunguke. Nikamwuliza mzee kwa nini hakusema, na kwa nini, akijua, aliniuliza ya mwisho.

"Nilitaka kuona utaniletea nini," akasema. "Sasa nimeona. Lakini msichana aliniambia atakuwa ndani, ameketi vizuri. Mpe simu. Yeye ameona."

Hiyo mchumba wangu hakuwa ameniambia. Alimwambia baba yake kwa fahari, siku ya Ijumaa, kwamba amepata tiketi. Alisogeza kiti karibu na simu, akakitazama kijitabu chake, akakifunga.

"Baba, hata mimi sikuona."

"Wewe pia? Si ulikuwa unaangalia mbele?"

"Nilikuwa naangalia mbele."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

Aliinua macho akanitazama, mchana kweupe, mbele ya Mhindi wa kafteria na madereva waliokuwa wakingoja chapati zao.

"Nilikuwa namwangalia yeye, Baba."

Kwa upande ule, mbali kidogo, tukamsikia mama yake akicheka, kicheko cha chini kisichotaka kusikika, na mzee akimwambia anyamaze, na sauti yake yenyewe haikuwa imara. Alikohoa. Akasema huku mvua imeanza na ana nguo kwenye kamba, tutaongea. Akakata simu. Mchumba wangu akaniambia Januari huko kwao hakuna mvua.

Mwezi wa nne tulipata likizo wote wawili, nikaenda kwao Kericho na wazee wangu. Tulikaribishwa, tukaombewa, tukalishwa, na mazungumzo yakaenda yanavyokwenda, marefu na yenye kuzunguka. Yalipofika pagumu, mzee aliinua mkono akawanyamazisha wote, wa kwao na wa kwetu. Akaita chaki. Akachora uwanja mezani, mistari yote, na wavu katikati, kwa mkono wa mtu aliyeutembea miaka thelathini. Akaweka harage jeupe huku na jeupe kule. Wazee wangu walitazamana, wakidhani ni mila ya huko.

Lile jeusi akalitia kiganjani mwangu.

"Weka lilipoanguka," akasema.

Nilitazama uwanja ule mdogo. Sikujua, na safari hii sikujifanya najua. Nikanyoosha mkono nikapita mistari yote, nikatoka nje ya chaki, nje ya meza, nikaliweka mapajani mwa binti yake, aliyekuwa ameketi ng'ambo ya meza na wanawake.

Mzee aliliangalia pale kwa muda. Kisha akakusanya yale meupe mawili, akafuta chaki kwa mkono wa shati, akawaambia wazee waendelee.